Mabishano ya Saibapanki Kisiwani Unguja

Miongoni mwetu sisi tunaoandika programu hapa Unguja kuna kambi mbili zisizopatana, na kinachobishaniwa si lugha ipi ya programu iliyo bora wala kihariri gani kinafaa kuandikia msimbo, ingawa hayo nayo yana siku zake. Kinachobishaniwa ni riwaya. Kambi moja inamfuata William Gibson, aliyetoa Neuromancer mwaka 1984, na ya pili inamfuata Neal Stephenson, aliyetoa Snow Crash mwaka 1992, na kila upande unadai kwamba mtu wake ndiye aliyeiona dunia yetu kabla haijafika. Wote wawili huwekwa katika fungu la saibapanki, jina lililotokana na hadithi fupi ya Bruce Bethke iliyochapishwa mwaka 1983. Ni hadithi za kesho yenye ufundi mkubwa na maisha duni, ambamo makampuni yamezipiku serikali na mhusika mkuu aghalabu ni mdukuzi mwenye madeni. Mimi nimo katika kambi ya Gibson, na ninaandika hapa kwa sababu barazani sijawahi kuachiwa nimalize hoja yangu.

Nianze na mashitaka, maana wapinzani wangu wana haki ya kusikilizwa. Wanasema Gibson hakuzijua kompyuta, na hilo ni kweli kabisa. Neuromancer aliipiga kwa taipureta ya mkono, na mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba ujuzi wake wa mashine hizo ulikuwa mdogo mno. Ushahidi wao mkubwa ni kumbukumbu ya kompyuta iliyoibwa. Mwanzoni mwa riwaya, Case, mdukuzi ambaye waajiri wake wa zamani walimharibu mishipa ya fahamu ili asiweze tena kuingia mtandaoni, ana megabaiti 3 za kumbukumbu ya magendo anazotarajia kuziuza, na msichana aliyekuwa naye anamwibia. Kijana mmoja wa kambi ya pili, ambaye hutengeneza programu za mahoteli, kila akifika hapo huinua simu yake juu ili sote tuione. "Yakhe, hii yangu ya bei ya chini ina gigabaiti 4, zaidi ya mara elfu ya mali aliyoibiwa huyo jamaa yenu, na bado nakaa naisubiri ifungue picha." Shitaka la pili ni la simu zenyewe. Kuna tukio mashuhuri ambamo Case anapita mbele ya safu ya simu za kulipia katika ukumbi wa hoteli, na kila anayoikaribia inalia mara moja na kunyamaza, kwa sababu akili bandia inamtafuta. Mwandishi aliyewaza akili bandia yenye hila za kiasi hicho hakuwaza kwamba mtu atatembea na simu mfukoni.

Hata sentensi ya kwanza ya kitabu, wanasema, imechakaa. Inaifananisha rangi ya mbingu juu ya bandari na televisheni iliyokosa stesheni. Mkubwa wetu barazani, tunayemwita Maalim kwa kuwa alisomesha hisabati skuli kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, anaiona picha hiyo papo hapo, kwani Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, miaka ishirini hivi kabla ya Bara, na yeye amekulia mbele ya chenga. Vijana, waliozaliwa na televisheni zinazoonyesha buluu tupu mawimbi yakipotea, wanadhani mwandishi anasifu siku yenye anga safi.

Yote hayo nayakubali, na hakuna hata moja linalogusa hoja. Sisi watu wa kompyuta tuna tabia ya kukagua riwaya kwa tarakimu zake, na tukikuta iliyopitwa na wakati tunajiona tumeshinda. Gibson hakuwa akihesabu, alikuwa akitazama watu. Katika hadithi yake fupi ya Burning Chrome, iliyotoka mwaka 1982, anasema kwamba mtaa huvipatia vitu matumizi yake wenyewe. Kauli hiyo haina megabaiti hata moja ndani yake, na ndiyo maana haijazeeka.

Anayetaka kuithibitisha aende Darajani, akae nusu saa karibu na meza ya fundi wa simu. Ninayemjua mimi ana kabati la kioo lenye upana wa mikono miwili, taa ya kubana mezani, mashine ya kupuliza hewa ya moto, na kopo la samli lililojaa bodi za simu zilizokufa. Analetewa simu isiyoingia chaji. Sistimu ya chaji ya simu hiyo haipatikani mjini, kwa hiyo anafukua kopo, anachagua bodi ya simu ya kampuni nyingine kabisa, anaipulizia hewa ya moto mpaka risasi iyeyuke, anakichomoa kile kipande kwa koleo nyembamba, anakipiga tupa pembeni ili kikae, kisha anavuta nyaya mbili nyembamba kama nywele na kuzichomelea pale ambapo mtengenezaji hakukusudia ziwe. Hana mchoro wa saketi wala hajasomea Chuo Kikuu cha Taifa au Taasisi ya Karume pale Mbweni. Mwenye simu analipa, anaondoka, na simu inaishi mwaka mwingine. Wale wanaotengeneza simu hizo huko zinakotoka hawajui kwamba bidhaa zao zinaoana Darajani. Gibson, asiyejua kompyuta, alimjua mtu huyu.

Stephenson, kwa upande wake, anajua kuandika programu, na kila ukurasa wake unaonyesha. Hiro Protagonist wa Snow Crash ni mdukuzi hodari anayepeleka piza kwa gari ya kasi, ana mapanga mawili ya Kijapani, na katika dunia ya mtandaoni iitwayo Metaverse yeye ni miongoni mwa walioijenga tangu mwanzo. Oktoba 2021 kampuni inayomiliki Facebook ilipojibadilisha jina na kujiita Meta, kambi ya pili ilifanya sherehe kana kwamba wao ndio waliopewa hisa. Sikatai kwamba kitabu kinachekesha na kinakwenda mbio. Ninachokishuku ni sababu ya sisi kukipenda kiasi hicho. Mle ndani, mwenye kusoma msimbo ndiye mwenye kuiokoa dunia, na msomaji ambaye mchana kutwa amekuwa akirekebisha fomu ya hoteli inayokataa kupokea tarehe anapewa jioni nafasi ya kujiona shujaa wa mapanga. Kitabu kinachomsifu msomaji wake namna hiyo hupendwa bila kuhojiwa.

Kuna jambo moja ninalompa Stephenson bila ubishi, nalo wafuasi wake wanalipita haraka wakikimbilia mapanga. Adui mkuu wa riwaya, L. Bob Rife, ni tajiri mwenye kumiliki nyaya zinazopitisha habari. Mwandishi ameelewa kwamba mtandao una mwenyewe na una mahali. Kinachotajwa zaidi barazani, kwa bahati mbaya, ni vile vijiji vya makampuni vyenye kuta na sheria zao, na hapo lazima mtu ataitaja Fumba, ambako mwekezaji binafsi anajenga mji mpya na ambako jina la Silicon Zanzibar, mpango uliotangazwa na Serikali mwaka 2022 wa kuvutia kampuni za teknolojia, husikika sana. Mimi naona mfano huo umevutwa kwa nguvu. Kununua nyumba ya ghorofa Fumba hakumwondoi mtu katika sheria za nchi, na riwaya isigeuzwe kisingizio cha kutokutazama kilichopo.

Lakini kitabu kilichoyavuruga mabishano yetu kuliko vyote si cha mmoja kati ya hao wawili. Kinaitwa Stand on Zanzibar, cha Mwingereza John Brunner, kilichotoka mwaka 1968 na kushinda tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Kilitoka kabla saibapanki haijapata jina, lakini wengi hukihesabu miongoni mwa wazazi wake, kwani ndani yake kuna kampuni kubwa ya Kimarekani iitwayo General Technics, kuna kompyuta kuu iitwayo Shalmaneser inayotegemewa kuamua mambo mazito, na kuna habari zinazomwagika juu ya msomaji vipande vipande bila kumpa nafasi ya kupumua. Yule kijana wa mahoteli alipolisikia jina alikitafuta siku hiyo hiyo, akakimaliza kwa hamaki, akaja na lawama: kurasa zote zile, na Zanzibar haimo! Kuna nchi ya Afrika ya kubuni iitwayo Beninia, kuna nchi ya Asia ya kubuni iitwayo Yatakang, kuna New York, na sisi hatumo. Tumetumika kama kipimo. Brunner anasema kwamba ukimpa kila mwanadamu nafasi ya futi moja kwa futi mbili, dunia nzima ingeweza kusimama juu ya kisiwa cha Zanzibar, chenye maili za mraba 640. Zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, kisiwa cha Wight cha Uingereza kingetosha; kufikia mwaka 2010, ambao ndio wakati wa riwaya, ingebidi kuhamia kwetu.

Waandishi wa programu hawawezi kuachiwa hesabu ya namna hiyo wakalala. Maalim aliifanya kwa kalamu juu ya karatasi ya kufungia kashata, kijana akaiandikia programu fupi, na wote wawili wakafika pale pale: maili za mraba 640 kwa vipande vya futi moja kwa mbili zinachukua watu 8,921,088,000. Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba watu wa dunia wametimia bilioni 7 mwishoni mwa Oktoba 2011, kwa hiyo Brunner, aliyetabiri miongo minne mapema kwamba wangefikia idadi hiyo mwaka 2010, alikosea kwa mwaka mmoja hivi. Walipotimia bilioni 8, Novemba 2022, bado Unguja ilikuwa na nafasi ya watu milioni 900 na zaidi, kwa sharti kwamba hakuna atakayekaa chini, Jozani haina mti, na kila mtu amebanana na mwenziwe kama abiria wa daladala ya saa kumi na moja jioni. Mwenzetu wa Wete aliuliza kwa nini Brunner asiichague Pemba. Alijibiwa kwa hesabu ile ile: Pemba, yenye maili za mraba takribani 380, ingelikuwa imeshajaa karibu na mwaka 1990. Alisema hilo linathibitisha tu kwamba watu wangeanzia Pemba.

Hesabu ilituchekesha, tarehe haikutuchekesha. Mwaka 2010, ule ule ambao Brunner aliupangia Shalmaneser, uliingia Unguja ikiwa gizani. Disemba 2009 ilitokea hitilafu katika njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara, na umeme haukurudi mpaka Machi. Ilikuwa mara ya pili, kwani mwaka 2008 kisiwa kilikuwa kimekaa mwezi mzima hivi bila umeme. Pampu za maji zilisimama, visima vilivyosahauliwa vikafunguliwa, na mtaani usiku kulisikika majenereta ya wenye nacho tu. Pemba, iliyokuwa ikijitegemea kwa majenereta yake ya dizeli, haikuguswa, na mwaka huo huo wa 2010 ikapata umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga, jambo ambalo mwenzetu wa Wete hachoki kutukumbusha. Sisi tulisubiri hadi mwaka 2013 kupata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100.

Hapo ndipo dada yetu mmoja, ambaye kazi yake ni kusimamia mitambo ya mtandao na ambaye kwa kawaida hutuacha tupigane wenyewe, aliposema neno lililonyamazisha kambi zote mbili. "Huyo Case wenu kakatwa mtandao, akawa anautafuta mauti kila uchochoro. Mimi nilikatiwa umeme miezi mitatu, nikawa nateka maji alfajiri na kusoma kwa kibatari, na mtihani nikafanya." Hakuwa anasimulia ushujaa, alikuwa anaonyesha tundu katika vitabu vyetu. Katika riwaya tunazozipenda, mtandao upo kama hewa ilivyopo. Mtu anaweza kufukuzwa humo, anaweza kuuawa humo, ila hakuna anayeuliza umeme wake unatoka wapi wala waya wake umetua pwani ipi. Anayeishi kisiwani huuliza swali hilo kwanza. Zanzibar iliunganishwa kwa waya wa telegrafu wa chini ya bahari kutoka Aden mwaka 1879, na tangu hapo habari za dunia zinatufikia kupitia kitu ambacho nanga ya meli inaweza kukikata. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania nzima na nchi jirani, na sote tulikaa tukitazama kiduara kinachozunguka bila kufungua chochote.

Nimtendee haki Stephenson tena, kwa kuwa sitaki ionekane namvizia. Mwaka 1996 aliandika katika jarida la Wired makala ndefu mno, karibu kitabu kizima, akiufuata waya wa baharini uitwao FLAG kutoka nchi hadi nchi, akiongea na watu wanaoutandaza na kuuzika ufukweni. Ningemshauri kila kijana wa kambi yake aisome hiyo kabla ya kurudia Snow Crash. Ni kazi ya mtu aliyeinama kutazama chini, na haina panga hata moja.

Dada yetu alikuwa na tundu la pili la kutuonyesha. Mwaka 1986 Bruce Sterling alikusanya hadithi za wenzake katika kitabu kiitwacho Mirrorshades, yaani miwani ya kiza inayong'aa kama kioo, ambacho kambi zote mbili hukiheshimu kama cheti cha kuzaliwa cha saibapanki. Mwanamke mwenye hadithi mle ni mmoja tu, Pat Cadigan. Dada yetu aliuliza ni nani kati yetu aliyemsoma, na hapana aliyeinua mkono. Cadigan ndiye mwandishi wa Synners, riwaya ya mwaka 1991 kuhusu watu wanaounganishwa bongo zao na mtandao, mpaka kiharusi cha mtu mmoja kinaingia humo na kuanza kuenea. Anayehangaika kila wiki na virusi vya kompyuta za ofisini ataona kwamba mama huyu aliuelewa ugonjwa wenyewe, yaani unapitia wapi na kwa nini hauzuiliki, kuliko wale waliovaa miwani ya kiza.

Miwani hiyo, na taa za neoni, na mvua isiyokatika, na skrini nyeusi yenye herufi za kijani, ndiyo sehemu ya utamaduni huu inayoniudhi kidogo. Nimemwona kijana mwenye akili sana akifunga madirisha mchana wa Februari, feni imezimika, jasho linamtoka, ili tu skrini yake ifanane na filamu. Mavazi ya hadithi ameyachukua yote. Udadisi wa aliyeiandika, ule wa kutazama nani anaishi vipi na nani anamla nani, ameuacha dukani.

Udadisi huo tunao hapa tangu zamani. Saibapanki imerithi mengi kutoka hadithi za upelelezi wa mijini, na kisiwa hiki kina mpelelezi wake: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia katika vitabu na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na kiko chake mkononi na rafiki yake Najum pembeni. Mwenzetu wa Wete naye hakosi kumtaja mwana wa Pemba, Said Ahmed Mohamed, ambaye katika Babu Alipofufuka, riwaya ya mwaka 2001, anamrudisha marehemu ili amhoji mjukuu aliyeneemeka. Kutoka hapo hadi riwaya ya saibapanki ya Kiswahili si mbali, na kwa wiki kadhaa sasa mabishano yetu yamehamia kwenye swali la nani awe mhusika mkuu. Dada yetu anataka fundi mwanamke wa waya wa baharini, anayeitwa usiku kila mji unapozimika. Maalim anataka mzee wa kiko. Mimi nimempendekeza fundi wa simu wa Darajani, kwa sababu ambayo ni ya hadithi kuliko ya heshima: simu ya sheha, ya tajiri, ya mchumba na ya mwizi zote hupita juu ya meza moja, zikiwa wazi, na mwenye meza ana muda wa kusoma. Kijana wa mahoteli amekubali, kwa sharti kwamba fundi huyo awe pia anaandika programu. Nimemkatalia.